Makomeo ya Bwana Ratiba

Bwana Ratiba hakuwahi kuogopa kiumbe kinachomfika kiunoni, mpaka siku alipofundisha darasa la kwanza.

Jina hilo alipewa na walimu wa shule aliyoletwa kuiongoza. Walimpa wiki ile ile aliyofika, kwa sababu kabla hata hajamaliza kusalimiana na watu alibandua ratiba ya zamani ukutani akabandika ya kwake, yenye rangi nne. Alikuwa ametoka ofisi ya elimu. Huko alikuwa mtu wa takwimu: wanafunzi wangapi, madawati mangapi, vyoo vingapi, nani yupo na nani hayupo. Darasani alikaa muhula mmoja tu, enzi za mafunzo ya ualimu, na nusu ya muhula huo ilikuwa mitihani, kwa hiyo alisimamia zaidi kuliko alivyofundisha. Hakulificha hilo. Mtu akimuuliza, alijibu, "Mwenye hoteli si lazima ajue kukaanga."

Tusimwonee lakini. Shule aliikuta imeoza. Kipindi kikianza, mwalimu yuko chumba cha walimu anapuliza chai. Watoto wamejaa varandani kama kuku waliofunguliwa banda. Mwenye kiu anakwenda bombani, asiye na kiu anamsindikiza. Mkuu wa zamani alikuwa ameshazoea, na mtu akishazoea harufu hata pua haimsumbui.

Bwana Ratiba alikuna kichwa, halafu akamwita fundi wa kuchomelea. Kila mlango wa darasa ukapigwa komeo la chuma, kwa nje. Mlinzi akishapiga kengele ya kuingia, anapita varandani akifunga, ta, ta, ta, mlango kwa mlango. Kengele ya kutoka ikilia anapita tena akifungua. Mwalimu aliyechelewa anakuta mlango umefungwa na wenzake wanamchungulia dirishani wakicheka. Aliyeingia ndiyo ameingia. Madirisha yalikuwa na nondo tangu zamani.

"Mkuu," makamu wake alimwambia siku fundi alipokuwa kazini, cheche zinaruka, "darasa si stoo."

"Najua."

"Siku moto ukiwaka?"

"Mlinzi yupo."

"Na mtoto akibanwa?"

"Ataenda wakati wa mapumziko. Yapo mawili. Nimeyapanga mwenyewe."

"Kibofu hakisomi ratiba, Mkuu."

Walimu waliokuwa karibu walicheka mpaka wakashikana mabega. Bwana Ratiba hakucheka. Makamu alikuwa mama mpana, mwenye sauti ya chini na vidole vilivyokauka kwa chaki, na alikuwa akifundisha la kwanza tangu Bwana Ratiba hajaota ndevu. Watoto walimwita Bibi. Nusu ya wazazi wa watoto hao walimwita Bibi pia, kwa sababu na wao aliwafundisha kushika penseli.

Makomeo yakafanya kazi. Varanda ikawa nyeupe, hakuna hata paka. Utoro ukashuka, chumba cha walimu kikakosa hata wa kuosha vikombe. Ofisi ya elimu ikasikia, ikamsifu kwenye mkutano, na jina lake likatajwa kwa herufi zote.

Lakini sifa hazikuwa cheo. Alikuwa bado kwenye majaribio, na cheo kilikuwa kinasubiri mkaguzi aje, aone, atie sahihi. Asipotia? Hapo ndipo Bwana Ratiba alipokosa usingizi. Kule ofisini kiti chake kilikuwa kimeshakaliwa na shemeji wa mtu. Walishamuaga, wakamkatia keki, na yeye kwa furaha akasimama akahutubia kuhusu watu wanaozeekea chini ya feni bila kuthubutu kitu. Waliozeekea chini ya feni walikuwapo, wanakula keki, wanamtazama. Mtu akishasema maneno kama hayo harudi kuomba kiti. Mbele sahihi, nyuma ukuta.

Mkaguzi akapiga simu. Sauti kavu ya mwanamke.

"Kuna utaratibu mpya, Mwalimu Mkuu. Kabla ya kuthibitishwa lazima nikuone unafundisha. Kipindi maradufu. Darasa chagua mwenyewe."

"Bila shaka, mama. Karibu sana."

Alipokata simu akaenda kusimama mbele ya ratiba yake ukutani.

Makamu alikuwa wa kwanza kumsaidia, na ndiyo maana hakumwamini. "Chukua la sita," alimwambia. "Wametulia, wanajua kusoma. Ukiishiwa maneno wape zoezi, watainama mpaka kengele. Mimi nitakushikia mengine."

Bwana Ratiba akamtazama. Huyu ndiye angekuwa mkuu kama yeye asingeletwa. Huyu ndiye alikuwa kaimu muhula mzima kabla yake. Leo anamchagulia darasa! Mtu hapewi kisu na jirani yake kwa upande wa mpini.

"Nachukua lako," alisema.

"La kwanza?" Makamu aliweka kikombe mezani. "Mkuu, nakusihi."

"Kuna nini huko? A, e, i, o, u. Moja mpaka kumi. Wakubwa ndio wenye maswali."

Kosa hilo hata mwalimu wa juzi halifanyi. Walimu wanajua kwamba darasa la juu unaweza kuingia hata na homa, ila la kwanza uingie mzima. Lakini Bwana Ratiba alizoea kuhesabu watoto, na kwenye hesabu mtoto mdogo na mtoto mkubwa wote ni mmoja.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," makamu alisema.

"Kipindi kimoja hawatanimaliza."

"Viwili. Maradufu ni viwili, bwana wa ratiba."

Nyumbani mkewe alimfunga kola asubuhi hiyo, akamvuta shati likakaa sawa. "Unafundisha la ngapi?"

"La kwanza."

Mikono ya mkewe ikasimama shingoni pake. "Mume wangu. Hawa wako wawili wanakushinda kuwalaza. Wale themanini utawaweza?"

"Wale hawanijui."

"Haya," mkewe alisema. "Hiyo nayo ni bahati."

Mkaguzi alikuwa mwanamke mrefu, amenyooka kama rula, miwani inaning'inia kifuani kwa mnyororo. Aliingia darasani, akaenda nyuma kabisa, akakaa kwenye benchi la watoto magoti yakamfika kidevuni, akafungua karatasi zake. Makamu alikuwa ameshaingia la sita, chumba cha pili.

Mlinzi akaja mlangoni, akasita. Alikuwa mzee mkimya, asiyezoea kuuliza.

"Mkuu. Na huu nifunge?"

"Mzee wangu, kwani kazi yako nini?"

"Nifunge kabisa?"

"Kuna kufunga nusu?"

Mlinzi akamtazama yeye, akamtazama mgeni kule nyuma, akavuta mlango. Ta.

Watoto wote walikuwa wamesimama. "Shikamoo mwalimuuu!" waliimba, na mwisho wa neno wakauvuta mpaka pumzi zikaisha.

"Marahaba. Leo tutajifunza namba." Akageuka, akaandika ubaoni moja mpaka kumi, akageuka tena. Bado wamesimama. Akafikiri ni heshima, ikampendeza. Akasema moja, wakasema moja. Akasema mbili, wakanguruma mbili. Walipofika sita, watoto wa nyuma walikuwa wanasimama kwa mguu mmoja mmoja kama korongo. Msichana wa mbele, aliyesukwa nywele mpaka macho yamevutika, alimwonea huruma.

"Mwalimu, hujasema tukae."

"Kaeni."

Madawati yalilia kama ajali. Akamaliza mpaka kumi. Akarudi kinyumenyume, kumi mpaka moja. Wakajua. Akawauliza mmoja mmoja kwa kuwasonta. Wakajua. Hapo somo lote alilokuwa ameliandaa likawa limekwisha. Alitazama saa yake. Akaitikisa kidogo, akaiweka sikioni. Ilikuwa inatembea.

"Tulisoma zamani, mwalimu," msichana yule alimwambia, kwa upole.

"Zamani lini?"

"Jana."

Nyuma kule kalamu ya mkaguzi iliandika kitu. Bwana Ratiba akahisi jasho likimshuka mgongoni polepole, kama mtu anayemtafuta. "Sawa. Toeni madaftari, andikeni."

Ni afadhali angesema toeni nyoka. Mabegi themanini yalifunguliwa kwa pamoja. Chupa za maji zikaviringika. Na mtoto wa kwanza akasimama, na wa pili, na foleni ikajipanga yenyewe mpaka kwenye meza yake, na wasiopenda foleni wakapiga kelele kutoka walipo.

"Mwalimu, penseli yangu imekatika."

"Mwalimu, huyu kanifinya."

"Mwalimu, sioni, umeandika vidogo."

"Mwalimu, niandike huku au huku?"

"Mwalimu, anasema baba yangu ana kichwa kama papai."

"Mwalimu, nimemaliza."

"Umemaliza nini? Ndiyo kwanza nimesema!"

"Nimemaliza daftari. Limejaa."

Alichonga penseli moja. Ikakatika. Akachonga tena, na wakati anachonga, watatu wakapigana nyuma ya mgongo wake, akageuka, na alipogeuka, huku nyuma wengine wakaanza. Kila alipozima hapa pakawaka pale. Ofisini kwake jambo moja lilisubiri jingine liishe. Humu hakuna kilichosubiri kitu.

"Kimyaaa!"

Sauti hiyo alikuwa hajui kama anayo. Darasa likanyamaza, kama vyura wakirushiwa jiwe. Kimya kikawa kirefu, kizuri. Mkaguzi akainua kichwa, akatikisa kwa kuridhika, akaandika.

Ndani ya kimya hicho mtoto mmoja aliinuka nyuma, hakumuuliza mtu, akatembea mpaka mlangoni kama mtu wa nyumbani, akasukuma. Mlango haukwenda. Akasukuma kwa bega. Kisha akageuka, uso umejaa mshangao.

"Mwalimu, leo umekataa."

"Nini kimekataa?"

"Mlango."

Bwana Ratiba akaelewa yote kwa mara moja. Akaelewa yule mzee alikuwa anauliza nini pale mlangoni. Kumbe siku zote komeo la darasa la kwanza lilikuwa linagongwa tu lilie, halifungwi. Bibi na mlinzi walishayamaliza wao kwa wao, na watoto themanini walikuwa wanakwenda chooni mmoja mmoja kimya kimya huku yeye ofisini akihesabu milio na kuridhika. Limefungwa kweli leo tu, kwa amri yake, na yeye akiwa ndani.

"Rudi ukakae," alisema. "Subiri kengele."

"Nimebanwa."

"Subiri."

Neno hilo, kubanwa, ni kama miayo. Mmoja akilisema, wengine wote wanakumbuka. Mikono ikainuka. Mwalimu na mimi. Mwalimu na mimi. Wengine walikuwa wamebanwa kweli, wengine wamebanwa kwa umoja. Kisha mmoja akaanza kulia, si kwa kelele, kwa kuminya, na kilio nacho kikapita dawati hadi dawati. Chumba kilikuwa cha moto. Hewa ilinuka vumbi la chaki na vichwa vya watoto. Bwana Ratiba akaona nondo za dirisha kwa mara ya kwanza. Alikuwa amezihesabu siku alipofika. Kuziona hakuziona.

Akaenda dirishani. Uwanja mweupe. Mlinzi? Alikuwa amekwenda getini, kule mbali asikoweza kusikia akiitwa, kulinda gari la mkaguzi, kama yeye mwenyewe alivyomwagiza. Mwalimu asiye na kipindi? Hayupo asiye na kipindi, ratiba yake ilihakikisha hilo. Shule nzima, walimu kwa wanafunzi, ilikuwa imefungwa kwa nje, na hakuna mtu hata mmoja aliyebaki upande wa kufungua. Isipokuwa ng'ombe wa jirani aliyekuwa anakula maua.

Akabana uso kwenye nondo, akanong'ona kuelekea dirisha la pili. "Makamu. Makamu!"

Pua ya makamu ikatokeza kati ya nondo za la sita. "Abee, Mkuu."

"Njoo unifungulie."

"Nifungue na nini? Na mimi nimefungwa."

"Hili lako si hulifungi?"

"La kwangu ndilo ulilomo."

Bwana Ratiba akauliza, na hakujali tena anasikika vipi: "Sasa nifanyeje?"

"Wameshaanza kulia?"

"Ndiyo."

"Waondoe kwenye madawati. Wakalishe chini mbele, karibu na wewe. Na wewe ukae, usisimame kama nguzo ya umeme. Halafu wahadithie."

"Niwahadithie nini? Sijui hadithi."

"Uongo wowote. Umetoka ofisini, Mkuu, utakosaje uongo?"

Wanafunzi wa la sita walisikika wakicheka, kisha wakanyamazishwa na ile sauti ya chini.

Alifanya alivyoambiwa, maana aliyetumbukia kisimani hachagui kamba. Watoto wakakaa chini, akakaa na yeye sakafuni na suruali yake ya kuthibitishwa. Akawaambia kuhusu panya wa ofisini. Panya huyo, alisema, alikuwa anakula mafaili. Alianza na faili la madawati, akanenepa. Akala faili la vyoo, akaugua. Watoto wakacheka. Hakutegemea. Akaendelea, panya akapewa kiti, kiti chenye magurudumu, akawa anasukumwa na paka. Msichana wa nywele za kuvutika akauliza kama paka alikuwa amekubali au amelazimishwa. "Alikuwa kwenye majaribio," Bwana Ratiba alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akasikia kitu kikifunguka kifuani.

Kwa hiyo kengele ilipolia alikaribia kusikitika. Ta, komeo likafunguka. Watoto wakatoka kama maji ya bomba lililopasuka, wengine wakikimbia wamejishika.

Mmoja hakuinuka. Ni yule wa mlangoni. Kumbe alikuwa msichana, kwa mbali hakumwona vizuri, kanyolewa kichwa. Alikuwa amekaa pale pale sakafuni, nyuma ya wenzake, magoti ameyakumbatia, anatazama sakafu. Chini yake palikuwa pamelowa, na maji yalikuwa yameanza kukauka pembeni. Si ya sasa hivi. Alijikojolea mwanzoni mwa hadithi, akaketi ndani yake mpaka mwisho. Aliambiwa asubiri, akasubiri.

"Mbona hukusema?"

Mtoto akasema, kwa sauti ya kutoa taarifa, "Sikucheka sana. Nilicheka kidogo."

Makamu aliingia, akaona. Akavua kanga yake ya mabegani, akamfunga mtoto kiunoni, akamwinua. Walipopishana mlangoni akamwambia Bwana Ratiba kwa sauti ya chini, "Mgeni ameshatangulia ofisini. Anatabasamu. Usiniharibie."

"Nikuharibie wewe? Mimi ndiye ninayethibitishwa."

"Ukikosa wewe, wananiweka mimi. Unafikiri nilikuonyesha la sita kwa nini? Nilikaa kwenye kiti kile muhula mzima. Fundi bomba, mzazi mlevi, kamati, mchanga umeibwa, mchanga umerudi. Sijui kumwambia mtu hapana, kila aliyeingia alitoka na alichotaka. Shule uliikuta vile kwa sababu yangu pia. Na hawa wangu walimaliza muhula hawajui kushika penseli. Mimi ukinitoa darasani umenizika, Mkuu. Kwa hiyo nenda kaseme asante, upewe cheo chako, na makomeo tutaendelea kuyagonga kama kawaida."

Akaondoka na mtoto kuelekea bombani.

Ofisini mkaguzi alikuwa ameshajimiminia chai. "Mwalimu Mkuu, nikupongeze. Nilikuja na wasiwasi. Muhula mmoja wa darasani, nikasema, huyu ataweza? Lakini nimeona watoto themanini, kipindi maradufu, na hakuna hata mmoja aliyetoka nje. Hata mmoja! Pale mlipojadiliana dirishani nimeandika, 'ushirikiano mzuri wa walimu wakati wa somo.' Na nidhamu! Ulisema mara moja tu."

"Mama, mlango ulikuwa umefungwa."

"Ndiyo! Ndilo hasa ninalotaka kulizungumza." Akavaa miwani. "Nataka wiki ijayo uwaeleze wakuu wote wa shule kuhusu hayo makomeo. Kila shule iweke. Barua yako nimeshaijaza, sababu ya kukuthibitisha nimeandika hiyo hiyo. Bado sahihi tu."

Karatasi ilikuwa mezani. Aliiona kutoka alipokaa. Ilikuwa ni kunyamaza tu, hakuna kazi nyingine aliyotakiwa kuifanya. Akamfikiria mkewe, ambaye alikuwa ameshawaambia dada zake. Akafikiria keki. Akafikiria shule zote, varanda zote, ta, ta, ta, na si kila shule ina Bibi wa kumnong'oneza mlinzi.

"Mama," alisema, "wewe ulifundisha miaka mingapi?"

"Samahani?"

"Darasani."

"Mimi ni mkaguzi."

"Najua. Kabla ya hapo."

"Nilikuwa uhasibu." Akaweka kikombe. "Swali hilo halimo kwenye fomu yangu."

"Kwangu nalo halikuwamo. Ndiyo maana nakuuliza, sikutukani." Alisugua uso kwa viganja. "Kuna mtoto amejikojolea leo, ukiwa umekaa nyuma yake. Hukuona. Na mimi sikuona, nilikuwa mbele yake. Makomeo nitayakata."

Mkaguzi alimtazama kama mtu anayetazama hesabu iliyokataa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na shule zilikuwa nyingi. "Ukiyakata, barua hii inasema nini? Nikuthibitishe kwa sababu gani? Kwa hadithi ya panya?"

"Sina sababu nyingine, mama."

"Nikutoe basi?"

"Ukinitoa utamweka makamu, na hataki, na yeye anajua kwa nini. Niache. Nipe muda, na kila siku niwe la kwanza walau kipindi kimoja, chini yake, mpaka nijue ninachokiongoza."

"Mkuu chini ya makamu wake? Utaratibu huo haupo."

"Najua. Ninaujua utaratibu wote."

Mkaguzi akafunga kalamu. Akaipindua barua, sura chini, akaitia kwenye mkoba. "Basi utabaki kwenye majaribio mpaka nipate la kuandika. Sijui ni lini. Na usinipigie simu kuuliza, na kule ofisini usiende, nafasi hakuna. Kaa hapo hapo ulipo."

Gari likaondoka. Mlinzi akafunga geti.

Makamu alimkuta bado amekaa, chai ya mgeni mbele yake. Alikuwa ameshasikia, maana kuta za ofisi ile ni za mbao. "Mjinga wewe," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita bila cheo. "Sasa hujapata, hujakosa. Utakaa unaning'inia kama nguo, na mimi naning'inia na wewe. Wakiamka vibaya siku moja, ni mimi kwenye kiti hicho."

"Samahani, dada."

"Usiniite dada, nina hasira." Akamwekea kipande cha chaki mezani. "Kengele inakaribia. La kwanza wana kipindi cha kusoma sasa hivi, na mimi nina la sita, leo yote, ndivyo rangi zako zinavyosema."

"Nimeshamwambia mlinzi asifunge popote."

"Vizuri. Sasa ndiyo utajua kufundisha."

Alisimama mbele ya themanini. Msichana aliyenyolewa alikuwa amerudi, kanga ya Bibi imemzunguka mara mbili, amekaa dawati la karibu na mlango, na hakumtazama. Mlango ulikuwa wazi, upepo unaingia, varanda inaonekana mpaka mwisho, na mbele yake uwanja, na mbele ya uwanja geti. Mtoto yeyote angeweza kuinuka akatoka, na hakuna aliyeinuka. Aliyetamani kutoka alikuwa ni yeye peke yake. Alitamani kwa miguu yote miwili.

"Mwalimu," mmoja aliuliza, "unaondoka?"

"Hapana," alisema Bwana Ratiba, na watoto wakatulia kumtazama waone kama ni kweli.